Barua ya wazi: Msizungushe uzio kabla ya kuandika makaburi yetu

Kwa waheshimiwa mnaosimamia ardhi, malikale, bandari na uwekezaji;
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Pwani;
Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Bagamoyo;
Waheshimiwa madiwani wa kata za mwambao.

YAH: MAKABURI YA VIJIJI VINAVYOPISHA MIRADI

Waheshimiwa,

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzaliwa wa mwambao wa kusini ya mji wa Bagamoyo, huku kwenye vijiji vilivyopakana na Kaole na Mlingotini. Siandiki kupinga bandari wala viwanda. Vijana wetu wanataka kazi, na anayedhani mvuvi wa Mlingotini anaupenda umaskini hajawahi kukaa naye barazani. Naandika kuhusu jambo ambalo katika mikutano ya hadhara huachwa hadi watu wamekwisha kusimama na kukung'uta vumbi: makaburi. Ombi langu nalitanguliza, ili hata asiyefika mwisho wa barua awe amelisikia. Kabla mtathmini hajafungua fomu yake, na kabla nguzo ya kwanza ya uzio haijachimbiwa, makaburi ya kijiji yaandikwe yote, kaburi kwa kaburi, pamoja na majina ya wenyewe. Na pale yatakapobaki ndani ya eneo la mradi, njia ya kuyafikia iandikwe kwenye hati ya eneo hilo, isiwe hisani ya mlinzi wa getini.

Mlolongo wenyewe mnaukumbuka. Makubaliano ya bandari ya Bagamoyo yalitiwa saini Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alipokuja nchini. Oktoba 2015 Rais Kikwete aliweka jiwe la msingi pale Mbegani. Mwaka 2019 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba masharti ya wawekezaji hayakubaliki, mradi ukalala. Mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kuwa mazungumzo yanafufuliwa. Kwenye makabrasha hiyo ni mistari michache. Huku kwetu ni zaidi ya miaka kumi ya kuishi mguu ndani, mguu nje. Wako waliolipwa wakahamia kwingine, wako waliojibanza kwa ndugu, wako waliobaki wakisubiri. Aliyeondoka aliondoka na mabati yake, milango yake na kuku wake. Wafu wake aliwaacha.

Na katika kusubiri huko watu hawaachi kufa. Mtathmini akishapiga picha, kinachoongezwa baadaye hakimo kwenye hesabu. Kwa upande wa nyumba utaratibu huo naukubali, maana wapo wanaosimamisha vibanda usiku ili walipwe. Lakini msiba hauna tarehe. Mtu anafariki asubuhi, alasiri anatakiwa awe ameshazikwa, na wafiwa wanaulizana huku sanda inakatwa: tumlaze kwa baba yake, kwenye ardhi iliyokwisha kupimwa, au tukaombe nafasi kijiji cha pili? Nimekaa kwenye msiba wa namna hiyo. Watu wazima walinong'ona kwa muda mrefu, kila mmoja akitoa habari aliyoisikia kwa mwingine kuhusu kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa. Mwishowe mtoto mkubwa wa marehemu akasema, "Mzee atalala kwao. Wakija kumfukua watanikuta." Akazikwa. Kaburi lile halimo kwenye karatasi ya mtu yeyote.

Naomba niwaeleze pia namna hata makaburi ya zamani yanavyokosa kuandikwa, maana nimeliona kwa macho. Siku kikosi cha upimaji kilipofika kwenye makaburi ya ukoo wetu, kijana mwenye daftari alihesabu yale yaliyojengewa kwa saruji, akaandika, akageuka kuondoka. Baba mdogo wa marehemu baba yangu akamshika mkono taratibu, akamwambia, "Mwanangu, umekanyaga watu." Kijana akaruka kando. Pale alipokuwa amesimama palikuwa na majani na mawe mawili ya matumbawe yasiyozidi ngumi, moja kichwani na moja miguuni.

Mzee akaanza kumfundisha kuona. Makaburi yetu yamelala mashariki na magharibi, kichwa mashariki, kwa kuwa maiti hulazwa ubavu wa kulia akaelekezwa kibla, na kibla yetu huku ni kaskazini. Ukishalijua hilo, jicho linafunguka: kimwinuko hiki, na kile, na kile pale, vyote vimeshika mwelekeo mmoja chini ya majani. Bakuli lililovunjika, limezama ardhini mpaka ukingoni. Makombe ya pwani ambayo hayawezi kufika pale bila mkono wa mtu. Kijiti cha mkwaju kilichochomekwa zamani, sasa mti mzima. Mzee alitembea akitaja: huyu ni mama yake fulani, huyu alikufa maji, hawa mapacha hawakutimiza arubaini, huyu ni mgeni wa kutoka Mafia, aliugua jahazini akashushwa hapa, ukoo wake hatukuujua, tukamzika na wetu. Kijana alikuwa mtu mwema, alisikiliza mpaka mwisho. Lakini fomu yake ilikuwa na safu ya idadi na safu ya aina ya ujenzi. Safu ya jina haikuwepo.

Waheshimiwa, kaburi lisilojengewa si kaburi lililotelekezwa. Wengi wetu hatujengei kwa sababu ya dini, tunaona unyoofu wa udongo ndiyo heshima yenyewe. Mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, watu huingia na mapanga na fagio kusafisha. Baada ya sala ya Idi, kabla ya pilau, kwanza makaburini. Ndugu zetu Wakatoliki, ambao misheni yao ipo hapa tangu 1868, wana tarehe 2 Novemba. Mtu anayepima kwa kutafuta saruji anapita juu ya yote hayo.

Sasa sheria. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inampa Waziri mamlaka ya kuhamisha kaburi lililo kwenye ardhi inayotakiwa kwa manufaa ya umma, baada ya kutoa notisi, na inamtaka ahakikishe marehemu anazikwa upya mahali palipoidhinishwa. Fidia yake ina mpaka: gharama halisi za kufukua, kusafirisha, kulisimamisha kaburi upya na kuzika, pamoja na matambiko na ibada zinazoambatana na kazi hiyo. Nawashukuru walioitunga kwa kukumbuka matambiko. Walijua wanatunga sheria kwa ajili ya watu gani. Ila sheria ile inahusu kuhamisha, kama jina lake linavyosema. Kaburi linaloachwa mahali pake, likazungukwa na uzio, wenyewe wakahamishiwa mbali, si kazi yake. Na huko ndiko makaburi mengi ya vijiji vyetu yanakoelekea kuishia: hayakuhamishwa, na hayafikiki.

Ipo na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo inahesabu eneo la maziko la kabla ya 1863 kuwa ni kumbukumbu ya kale inayolindwa. Hapa ndipo ninapotaka mkae nami kidogo. Twendeni Kaole. Kila mtalii anayefika Bagamoyo hupelekwa akaone magofu ya misikiti miwili na makaburi 22, mengine yana nguzo ndefu za matumbawe, yaliyoanza kujengwa karne ya 13 na kuendelea. Kaole ilikuwa bandari kabla Bagamoyo haijawa mji, mpaka mikoko ilipoziba mlango wake wa bahari. Kwenye kaburi la Sharifa watu wanafika mpaka leo kuomba dua. Magofu yale yanatunzwa, na ninayefurahi zaidi ni mimi.

Lakini jiulizeni swali analoweza kuuliza mtoto wa darasa la nne. Mji ulioishi mamia ya miaka ulizika watu 22 tu? Wale ni waliokuwa na uwezo wa kujengewa kwa matumbawe na chokaa. Wavuvi wao, mafundi wao wa majahazi, wake wa wavuvi, watumwa wao, watoto waliokufa kwa ndui, walizikwa wapi? Walizikwa humuhumu, kwenye mchanga unaotoka Kaole kwenda kusini, na vijiji vikaendelea kuzika palepale kizazi baada ya kizazi, kwa sababu mtu huzikwa walipo wazee wake. Kwa hiyo mtathmini anapoandika "makaburi ya kienyeji" kwenye fomu, anaweza kuwa amesimama juu ya maziko ambayo sheria ya 1964 inayalinda sawasawa na zile nguzo za Kaole. Yeye si mtaalamu wa malikale, na hakuna aliyemtuma awe. Kosa liko kwenye mpangilio wa kazi: mtaalamu wa malikale anatakiwa awe amepita kabla yake.

Mjini kwenyewe kuna makaburi ya Wajerumani waliokufa katika miaka ya vita vyao na Abushiri bin Salim, yule waliyemnyonga Pangani Desemba 1889. Yana ukuta, yamefagiliwa, majina yanasomeka. Sina kinyongo, maiti ni maiti. Ila watu wa upande wetu waliouawa na mizinga ya vita vilevile, sijaona ukuta wao wala kibao. Tunajua kutunza makaburi hapa Bagamoyo. Tunachagua ya nani.

Tunajua hata kumhamisha maiti kwa heshima. Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulifikishwa hapa na Waafrika walioubeba, wakiongozwa na Chuma na Susi, kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, alikofariki Mei 1873. Safari ya karibu miezi tisa kwa miguu. Hakuna aliyewalipa kabla, na kwenye vijiji vingine walikatazwa kupita na maiti. Walifanya hivyo kwa sababu waliamini mtu hana budi kurudishwa kwao. Wapagazi wa mwaka 1873 wakiweza hilo, halmashauri yenye magari na kompyuta haishindwi kuandika daftari.

Kuna atakayesema kuhamisha watu si jambo jipya nchini, mbona Operesheni Vijiji ilipita na makaburi hayakuwa hoja. Ni kweli, Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 kuishi katika vijiji vya ujamaa ni amri, na mamilioni ya watu walihama, wengine kwa nguvu, nyumba zao zikiungua nyuma yao. Mahame yao yamejaa nchi nzima, na kwenye kila hame kuna makaburi. Lakini operesheni ile haikujenga uzio. Mtu aliyehamishwa maili nne aliweza kurudi siku ya Idi akapita porini, akafyeka, akasoma Yasini, akarudi. Eneo la bandari na viwanda ni kitu kingine. Lina ukuta, kamera, vitambulisho na amri za forodha. Anayetoka leo hatarudi kwa njia ya porini.

Wako waliotutangulia katika jambo hili, na yaliyowapata yanafaa kusomwa na kila anayeandaa mkataba wa ardhi. Huko Marekani, katika jimbo la North Carolina, bwawa la Fontana lilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Maji yakafunika barabara ya vijiji vya milimani, wakazi wakaondolewa, makaburi yao yakabaki ng'ambo ya ziwa, ndani ya eneo lililofanywa hifadhi ya taifa. Mwaka 1943 serikali iliahidi kwa maandishi kuwajengea barabara nyingine. Kipande kikajengwa, kikaishia kwenye handaki mlimani, kazi ikasimama, haikuendelea tena. Watoto wa waliohamishwa wakazeeka wakiidai. Hatimaye mwaka 2010 serikali ilikubali kulipa dola milioni 52 kwa kaunti ya Swain badala ya barabara, na ndugu wa marehemu huvushwa ziwa kwa boti siku za kuzuru. Hiyo ni nchi tajiri, yenye mahakama zenye nguvu na ahadi iliyotiwa saini. Njia ya makaburini isipojengwa mwanzoni, haijengwi.

Shirika lilelile lililojenga bwawa lile, TVA, yaani Mamlaka ya Bonde la Tennessee ya serikali ya Marekani, lilifanya pia jambo linalofaa kuigwa. Katika mabwawa yake yote lilikagua makaburi zaidi ya 69,000 na kuhamisha zaidi ya 20,000, na likaweka kumbukumbu za nani alikuwa wapi na akapelekwa wapi. Wajukuu na vitukuu bado wanazitumia kuwatafuta wazee wao. Zilikuwa karatasi na kalamu tu, tangu miaka ya 1930.

Na kama hoja ni kwamba wawekezaji watakimbia, someni masharti ya wafadhili wenyewe. Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lililo chini ya Benki ya Dunia, katika kiwango chake cha nane kuhusu urithi wa utamaduni, toleo la 2012, linamtaka mwenye mradi aruhusu watu waendelee kuyafikia maeneo yao ya mila, au awatengenezee njia mbadala, baada ya kushauriana nao na kwa kuzingatia usalama. Jambo tunaloliomba lipo kwenye vitabu vya benki. Halijafika tu kwenye fomu za kijijini. Ndugu zetu walio kwenye njia ya bomba la mafuta la kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani kule Tanga, nao wamehamishiwa makaburi; ofisi zenu zingewauliza wao kwanza nini kilikwenda vizuri na nini kiliacha kidonda.

Daftari ninaloliomba si kazi ya mabilioni. Watu wawili wanaojua kuandika, simu yenye kuchukua alama za mahali, mtaalamu mmoja wa malikale, na wazee wa kila ukoo wakitembea mbele. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji, nyingine msikitini au kanisani, nyingine halmashauri, ili ofisi moja ikihama au ikiungua nakala nyingine zisipotee. Waliokwisha kuhama waitwe kwa redio, kwa matangazo ya misikitini, kwa simu za ndugu, na wapewe muda wa kutosha kufika. Kaburi lisilo na mwenyewe, kama la yule mgeni wa Mafia, lisimamiwe na serikali ya kijiji, lisiandikwe "halina madai". Na waliozikwa katika miaka hii ya kusubiri waingizwe bila masharti.

Kuhusu kufukua au kuacha, uamuzi uwe wa wenyewe. Waislamu wengi hatutaki maiti afukuliwe ila kwa dharura isiyo na njia nyingine, na dharura hiyo haiwezi kuwa ni kwamba mchoro wa barabara ya ndani ya kiwanda umeshachapishwa. Mchoro unafutika. Ikibidi kabisa kuhamisha, ndugu wawepo, imamu au padre awepo, wachimbe watu kwa majembe na mikono. Katapila lisifike.

Pale makaburi yanapobaki, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 tayari inatambua haki za njia. Tumieni kifungu hicho. Njia ichorwe kwenye ramani ya eneo, iandikwe kwenye hati, imfuate kila atakayemilikishwa baadaye hata mwekezaji wa kwanza akiuza. Siku za kuzuru zitajwe: Shaabani, Idi mbili, Novemba 2, na siku yoyote ya msiba. Na kule watu wanakohamishiwa, ambako viwanja hupimwa pamoja na eneo la shule na la zahanati, eneo la maziko lipimwe siku hiyohiyo. Nimezungumza na watu waliofika kwenye makazi mapya wakakuta kila kitu kimetengwa isipokuwa mahali pa kuzikia. Wa kwanza wao kufariki alirudishwa kwa gari la kukodi.

Yule baba mdogo wa baba yangu bado yupo, macho yamefifia lakini majina anayo. Wenzake wanaojua makaburi ya koo nyingine wanapungua kila mwaka, na wanayoyajua hayakuandikwa popote. Wamenituma niseme wako tayari kutembea na mtu yeyote mtakayemleta, asubuhi kabla ya jua kali, kuanzia wiki ijayo mkitaka. Tunaomba jibu kwa maandishi, libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya kijiji inayohusika, likitaja nani atakuja na lini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi wa mwambao wa Bagamoyo

Nakala: wenyeviti wa serikali za vijiji, maimamu, mapadre na wachungaji wa mwambao, wazee wa koo.